Mlalamikaji na Mlalamishi: Historia Fupi ya Shina Moja, kwa Mfano wa Dodoma

Mwingereza anayechoshwa na lalamiko lisilokwisha humfananisha msemaji wake na mpiga kinubi aliyeng'ang'ania uzi mmoja. Kitenzi chenyewe hutokana na jina la ala hiyo, kikifuatwa na kihusishi. Kiswahili kilishika njia ya unyambulishaji.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalipa neno lalama maana ya kuomba huruma. Aliyelalama alikuwa amekwisha kushindwa. Leo anayelalamika ni mtu anayejiona amenyimwa haki yake; neno limehama kutoka kusihi hadi kudai. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, inapowasimulia Waisraeli wakirudia malalamiko yao jangwani, hutumia nung'unika, sauti ya chini isiyo na mahakama ya kuipokea.

Utajiri wa shina hili umo katika majina ya mtenda. Sarufi hufundisha kwamba -aji huonyesha mazoea, kama katika mwindaji. Hapa mambo yamepinduka. Mlalamikaji ni mwenye shauri, naye hukabiliwa na mlalamikiwa. Anayerudia bila kukoma ni mlalamishi, umbo lililoundwa kwa -i, ambayo huigeuza k kuwa sh kama katika mpishi na mwandishi. Mpishi hakutwezwa na umbo hilo, mlalamishi ametwezwa. Kwa hiyo dharau haikutoka katika kiambishi. Imetoka katika matumizi, hasa ya wale wanaolalamikiwa.

Dodoma inalidhihirisha hilo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huko, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa kusimamia ardhi. Wakazi walipewa hati za miaka 33, na malalamiko ya viwanja yakaendelea kwa miongo kadhaa. Kwa kipimo cha marudio peke yake, wakazi hao wangeitwa walalamishi. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, majukumu yake yakahamishiwa Manispaa, na akaagiza hati hizo ziwe za miaka 99. Lalamiko lilikuwa lile lile, na waliolitoa walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa lilikuwa limejibiwa, na ofisi zikaendelea kuwaandika walalamikaji.