Kusema na Kuambia: Lugha ya Kuitambua Sauti ya Mungu katika Ukristo wa Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Mkristo wa Afrika Mashariki anaposhuhudia kwamba Mungu amewasiliana naye, hulazimika kuchagua maneno. Anaweza kudai kwamba Bwana amesema naye, amemwambia, amemfunulia, amempa maono au amempa neno. Semi hizi huchukuliwa mara nyingi kuwa ni visawe. Hata hivyo, kila usemi una madai yake kuhusu nani amesikia, amesikia nini, na nani mwenye haki ya kumhoji. Mhadhara huu unazichunguza semi hizo katika vipindi vitatu: kipindi cha tafsiri za Biblia, kipindi cha Uamsho, na kipindi cha kupanuka kwa makanisa ya Kipentekoste. Hoja kuu ni kwamba utambuzi wa sauti ya Mungu ni suala la imani, lakini pia ni suala la lugha.

2. Msamiati wa watafsiri

Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, hakukuta lugha iliyopungukiwa na istilahi za mawasiliano baina ya Mungu na binadamu. Waislamu wa pwani walikuwa na neno wahyi, kwa ufunuo walioupokea Mitume, na ilhamu, kwa wazo jema linalotiwa moyoni. Aidha, palikuwa na ngoma za pepo, ambamo pepo alisema kwa kinywa cha mtu aliyempanda, aliyeitwa kiti, na kutaja matakwa yake.

Watafsiri walichota katika hazina hiyo kwa tahadhari. Maneno nabii na injili, yenye asili ya Kiarabu, yalikubaliwa, pamoja na mtume, litokanalo na kitenzi cha Kibantu tuma. Kwa kitabu cha mwisho cha Biblia lilizoeleka neno Ufunuo, litokanalo na kufunua, kitenzi cha kila siku cha mtu anayeondoa kifuniko cha chungu. La muhimu zaidi ni mgawanyo wa roho na pepo: Roho Mtakatifu upande mmoja, pepo wachafu upande wa pili. Union Version ya mwaka 1952, iliyotayarishwa ili kuleta pamoja wasomaji wa Biblia ya Kiunguja (1891) na ya Kimvita (1914), iliuimarisha mgawanyo huo. Hivyo, sauti iliyotoka kwa mtu aliyepagawa ilitiliwa shaka hata kabla maneno yake hayajapimwa. Muumini alielekezwa kusikiliza kwanza katika Neno, jina linalotumika kwa Maandiko na kwa Kristo mwenyewe.

3. Uamsho na upimaji wa ushuhuda

Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana mjini Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi. Walisoma pamoja Maandiko yanayohusu Roho Mtakatifu na kuomba. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ulizungumza kwa lugha nyingi, na palipokutana watu wa makabila mbalimbali, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizobeba ushuhuda.

Kulikuwa na kilio, kutetemeka na ndoto. Hata hivyo, ishara hizo hazikuhesabiwa kuwa ithibati zinazojitosheleza. Ithibati ilitafutwa katika mambo ya kawaida: kilichoibwa kimerudishwa, deni limelipwa, mume na mke wamepatana. Aliyetaka kuoa au kuanza biashara alitarajiwa kuliweka jambo lake nuruni, yaani mbele ya ndugu, ili lisikilizwe na kuhojiwa.

Utaratibu huo unaafikiana na usemi uliozoeleka katika ushuhuda: Bwana amesema nami. Kisarufi, kiunganishi na huwaweka wasemaji katika hali ya mazungumzo, na sentensi hukamilika bila kutaja ujumbe. Kitenzi ambia ni tofauti. Mtu akisema Bwana ameniambia, msikilizaji hungoja ujumbe wenyewe: amekuambia nini? Usemi wa kwanza huliacha jambo wazi kwa tafsiri ya ndugu. Wa pili huleta amri iliyokwisha kamilika. Biblia ya Kiswahili inavitumia vyote viwili, na katika vitabu vya Sheria Bwana husema na Musa kisha humwambia. Lakini hata Samweli aliitwa mara tatu akidhani ni Eli, na ni mzee huyo aliyemsaidia kutambua aliyemwita.

Ushirika nao haukukingwa na makosa. Katika miaka ya 1970 Uamsho nchini Uganda uligawanyika, na kundi la Bazukufu likawaona wenzao kuwa wamelala kiroho, likikemea mikopo na mitindo ya mavazi. Kauli ya kundi inaweza kudhaniwa kuwa sauti ya Mungu, kama ilivyo kauli ya mtu mmoja.

4. Kipindi cha manabii

Kuanzia miaka ya 1980 makanisa ya Kipentekoste yaliongezeka, na vituo binafsi vya redio vya miaka ya 1990 vilizipanua hadhira zake. Nabii, ambalo awali lilimrejelea hasa mtu wa Biblia, likawa cheo cha mhubiri aliye hai. Neno la maarifa, moja ya karama anazozitaja Paulo, likawa tangazo linalotolewa hadharani kuhusu ugonjwa, ndoa au ajira ya mtu fulani. Mpokeaji wa ujumbe si lazima awe yule anayeambiwa afanye jambo. Nafasi ya kuhoji hupungua.

Uzito wa suala hili ulidhihirika mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Inadaiwa kwamba waumini walifundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Msiba huo hauwezi kuelezwa kwa msamiati pekee. Hata hivyo, unaonyesha gharama ya mahali ambapo anayeambiwa hana ndugu wa kumweleza alichoambiwa.

5. Hitimisho

Lugha ya Wakristo wa Kiswahili ina njia mbili za kutaja sauti ya Mungu, na haihitaji kuitupa mojawapo. Kinachohitajika ni kuhifadhi swali linalofuata kitenzi: amekuambia nini, mbele ya nani, na maisha yako yamebadilika vipi? Wanafunzi wa isimu wanaweza kuchangia kwa kukusanya shuhuda za wazee wa Uamsho na mahubiri ya leo, na kuchunguza ni wapi swali hilo bado linaruhusiwa kuulizwa.