Anemoni Bahari: Huyu, Si Hili

Kiboko ana ki- mwanzoni mwa jina lake, lakini hatusemi kiboko hiki kimezama. Tunasema kiboko huyu amezama. Chaza, nyuki, jongoo, hata kiwavi anayetambaa kwenye jani, wote hupewa a- na wa-, kwa sababu Kiswahili hutazama uhai kabla ya kutazama umbo la neno. Ndiyo maana sipendi jina "ua la bahari" kwa yule kiumbe laini mwenye minyiri anayeshikilia miamba. Ukishasema ua hili limechanua, ua hili limefunga, msikilizaji amekwisha kuuona mmea, na maelezo yote yatakayofuata yatakuwa kazi ya kumtoa huko.

Naye ni mnyama, wa ukoo mmoja na konyeza na matumbawe. Ana tundu moja tu: humo chakula huingia, na humo humo mabaki hutoka. Minyiri iliyolizunguka imejaa seli zinazofyatua nyuzi zenye sumu zinapoguswa, na uduvi akipita karibu hunaswa, hupooza, huvutwa mdomoni. Jina la kisayansi la ukoo huo, Cnidaria, limetokana na neno la Kigiriki la mmea unaowasha. Mtu wa pwani angeutaja upupu mara moja.

Kigiriki hicho hicho ndicho chenye neno anemone, jina la ua ambalo kwa kawaida huhusishwa na neno anemos, upepo. Wazungu walimwona kiumbe wa baharini, wakakumbuka ua wanalolijua kwao. Sisi ua hilo halimo katika mashamba yetu, kwa hiyo kutafsiri "ua la upepo la baharini" ni kumpa msomaji mfano wa kitu asichowahi kukiona. Afadhali tukope sauti tu, anemoni, kisha tufuate njia ambayo lugha imekwisha kuipita katika jongoo bahari na farasi bahari. Anemoni bahari huyu, anemoni bahari hawa. Atakayeuliza mbona matumbawe ni wanyama na bado tunasema haya yamekufa, jibu ni kwamba watu wa pwani walikutana nayo kama jiwe la kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Anemoni hana jiwe ndani yake.

Tukikubaliana kuhusu jina, viungo navyo vipate maneno ya mnyama. Sehemu iliyo chini ya minyiri nisingeiita shina, ni kiwiliwili. Anaposhikilia mwamba ni kwa wayo. Na vile vivimbe vidogo vilivyo juu ya kiwiliwili vina jina letu tayari: chunjua.

Maneno hayo matatu ndiyo yanayomtambulisha, kuliko rangi. Rangi hudanganya. Ukahawia wa anemoni wengi wa maji ya joto ni wa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wao na kuwalisha kwa kutumia mwanga wa jua. Bahari ikipata joto kupita kiasi mwani huo hutoka, na mnyama akabaki mweupe. Weupe huo ni njaa, lakini kwenye tangi la kioo dukani waweza kuuzwa kama urembo. Wapo pia wanaochovywa rangi ya manjano au waridi ili wavutie mnunuzi. Rangi ya kuchovya hufifia, na mara nyingi mnyama hufa.

Mfano mzuri ni Entacmaea quadricolor. Jina lake la pili lina maana ya rangi nne, na kweli yupo wa kahawia, wa kijani, wa waridi, mwekundu. Wengi humjua kwa ncha za minyiri zilizovimba kama balbu. Tatizo ni kwamba balbu hizo huweza kutoweka, hasa kwenye tangi, minyiri ikabaki myembamba na iliyonyooka. Hapo tazama kiwiliwili: hakina chunjua, na wayo umejificha ndani ya ufa wa mwamba.

Stichodactyla mertensii hutandaa bapa juu ya mwamba, na chunjua zake ni za rangi ya machungwa au zambarau. Ndugu yake Stichodactyla haddoni hukaa mchangani. Minyiri yake ni mifupi na imesongamana kama nyuzi za zulia, nayo hunata kidoleni. Anemoni zulia lingemfaa. Heteractis magnifica, kinyume chake, hupenda kilele cha mwamba palipo wazi, na akijikunja huonyesha kiwiliwili cha rangi moja kali. Katika maji ya Afrika Mashariki, ukimwona samaki wa rangi ya machungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni, Amphiprion akallopisos, amejilaza ndani ya minyiri, mwenyeji wake ni mmoja wa wawili: magnifica au mertensii. Samaki huyo hukusaidia kuliko rangi yoyote.

Kwenye matangi ya nyumbani huingia pia Aiptasia, mdogo, wa kahawia, akiwa amejificha kwenye jiwe. Usimkatekate. Kipande cha wayo kikibaki, huota mwingine.

Anayetaka kumfuga anemoni ajue anachukua mzigo wa muda gani. Mwaka 1828 Mskoti John Dalyell alimtoa mmoja wa jamii ya Actinia kwenye pwani ya Uskoti, akamweka katika chupa ya kioo yenye maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851, mnyama akapokewa na watunzaji wengine, akaendelea kuzaa. Walimwita Granny, yaani Bibi. Alikufa mwaka 1887.