Mapito si Wasifu

Makala yangu kuhusu Wareno waliohamia Ufaransa miaka ya 1960 ilirudi kutoka kwa wahariri imejaa "wasifu". Kila nilipoandika mapito, yaani maisha ya mtu kama anavyoyasimulia mwenyewe, kalamu nyekundu ilikuwa imepita, na pembeni pameandikwa: "Sanifu!" Naijua kamati inayosanifu hivyo. Wajumbe wake nawaheshimu, hasa wakiwa likizo.

Wasifu umetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa sifa. Ndiyo maana tunausoma msibani: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, ameacha mjane na watoto wanne. Mwingine huambatishwa kwenye barua ya kuomba kazi. Sasa yule mwashi Mreno aliyevuka milima ya Pyrenees usiku bila pasipoti, akikwepa vita vya ukoloni vilivyoanza Angola mwaka 1961, anaomba kazi gani, au amekufa lini?

Mapito yametoka kwenye kupita, na laiti wapinzani wangu wangefungua kamusi ya Kireno kabla ya kufungua mdomo! Aliyelipwa kuwavusha watu mpakani Wareno walimwita passador, kutokana na passar, kupita, yaani mpitishaji. Picha ya msafiri ilichanwa vipande viwili. Akifika salama alituma nyumbani kipande chake, na vikishaoana ndipo mpitishaji alipolipwa chake. Rejesta za serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, hazina picha iliyochanwa. Aliyetoka kwa magendo hakuandikishwa mpakani. Safari yake tunaipata kinywani mwake.

Kuna mtaalamu mmoja (hatusalimiani) anayeshikilia "tawasifu simulizi". Tawasifu mtu hujiandikia. Mapito huzaliwa na wawili, msimulizi na anayemwuliza, na swali la pili hubadili jibu la kwanza. Wengine eti mapito ni neno la walokole. Na ushuhuda je, si neno lao pia? Mbona mahakama haioni haya kulitumia?

Mwombe mzee wasifu wake, atakutajia mwaka aliozaliwa. Mwulize mapito yake, ataanzia kwenye matope ya Champigny, kile kitongoji cha vibanda karibu na Paris walikorundikana maelfu ya Wareno, na atakueleza maji waliteka wapi.

Matumizi: mapito ya mhamaji, kukusanya mapito, mapito haya. Basi.

Makala nimeirudisha kwa wahariri jana, mapito yote kumi na manne mahali pake.