Mshale Upigao Mbinja

Zamani mafundi wa Asia walichonga kichwa cha mti au pembe, wakakifukua ndani na kukitoboa matundu, wakakitia mshaleni. Mshale ukiruka, upepo huingia matunduni, nao hulia kama filimbi. Wajapani waliutupa kutangaza kwamba vita vimeanza.

Mwaka 209 kabla ya Kristo, Modu, mwana wa mfalme wa Xiongnu, kaskazini ya China, aliwaamuru watu wake wapige po pote mshale wake uliapo, asiyepiga aliuawa. Wakampiga farasi wake, kisha mkewe, mwisho baba yake. Ndipo Modu akatawala.

Yonathani naye alitupa mishale iwe ishara, ila kwa kumwokoa Daudi. Kijana aliyeikimbilia hakujua neno, wala hakudhurika.

Sisi wa Dar es Salaam tunayo ishara yetu: jina la Kariakoo, litokalo katika Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa katika vita visivyokuwa vyao.

Basi, mwenye kutoa ishara ataulizwa habari za waliotumwa.