Harufu ya Rangi Chumbani: Mtoto Arudi Lini?

Wazazi wengi hupenda chumba kipakwe rangi kabla mtoto hajazaliwa. Leo fundi anapaka, kesho kuta zimekauka, jioni kitanda kinarudishwa. Lakini ukuta kukauka si sawa na harufu kwisha. Ukiugusa unaweza kuwa mkavu kabisa, huku bado unatoa mvuke tunaouvuta.

Kwa nini harufu hii ina madhara?

Rangi, hasa ya mafuta, ina vimiminika vinavyogeuka mvuke inapokauka. Thina na petroli huongeza mvuke huo. Unaweza kuleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha na kikohozi. Kwa mwenye pumu, unaweza kuamsha shambulio.

Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na huvuta hewa nyingi ukilinganisha na uzito wake. Harufu unayoivumilia wewe inaweza kumwelemea yeye.

Kabla ya kupaka

• Kwa kuta za ndani, chagua rangi ya maji. Harufu yake ni ndogo na huisha mapema kuliko ya rangi ya mafuta.
• Panga kazi wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kujifungua.
• Mama mjamzito asipake wala kukwangua rangi. Kazi hiyo afanye mtu mwingine.
• Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiipige msasa ikiwa kavu, wala usiichome. Iloweshe kwanza, watoto wakiwa mbali, kisha futa sakafu kwa tambara bichi badala ya kufagia.

Jinsi ya kuondoa harufu

Dawa ya harufu hii ni hewa. Fungua dirisha na mlango ili upepo upite. Kama una feni, ielekeze dirishani isukume hewa nje. Toa nje nguo, godoro na chandarua kabla ya kazi, kwa sababu vitambaa hushika harufu. Funika vizuri makopo yaliyobaki na uyahifadhi nje ya chumba.

Bakuli la maji au vitunguu vilivyokatwa havitoshi. Udi, ubani na manukato hufunika harufu tu. Mvuke unabaki, na moshi unaongezeka.

Usiwashe jiko la mkaa chumbani ili rangi ikauke haraka. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pia mvuke wa thina hushika moto kwa urahisi.

Mtoto arudi lini?

Usihesabu siku peke yake. Rangi ya maji mara nyingi huhitaji siku mbili au tatu za hewa nzuri. Ya mafuta huweza kuchukua wiki au zaidi. Fanya jaribio hili: funga chumba kwa saa chache, kisha mwombe mtu ambaye hakuwepo nyumbani aingie na kunusa. Pua ya aliyeshinda humo imeshazoea, haisemi kweli. Akisikia harufu, fungua tena madirisha na usubiri.

Kama mnaishi chumba kimoja, panga mapema mama na mtoto walale kwa bibi, shangazi au jirani. Ikishindikana, ni heri kuahirisha. Mtoto hadhuriki kwa ukuta uliopauka, ilimradi rangi yake haibanduki.

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa

• Mtoto anapumua haraka au kwa shida, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.
• Anashindwa kunyonya, amelegea, au ni vigumu kumwamsha.
• Amekunywa rangi, thina au mafuta ya taa. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike, maana kinachorudi kinaweza kuingia kwenye mapafu. Nenda na kopo au chupa yenyewe.

Usiweke thina kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma kilichoandikwa. Anachojua ni kwamba chupa ile hunywewa.