Bwana wa Coucy na Wafalme Wawili

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Juma hili nataka tumtazame Enguerrand wa Saba, bwana wa Coucy, kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1360 alipelekwa Uingereza kuwa rehani ya fidia ya mfalme wake, Jean wa Pili. Huko alipendwa na Mfalme Edward wa Tatu, ambaye mwaka 1365 alimwoza binti yake, Isabella.

Vita vilipofumuka tena mwaka 1369, Coucy angempiga nani: mkwewe au mfalme wake? Alijitenga, akaenda kupigana Italia. Edward alipofariki mwaka 1377, Coucy alirudisha nishani ya Uingereza, akawa Mfaransa mtupu. Isabella alirudi kwao na binti mdogo, Philippa. Mkubwa, Marie, akabaki Ufaransa.

Mwaka 1396 Coucy alitekwa na Waturuki huko Nicopolis. Alifia kifungoni, Bursa, mwaka 1397. Miaka mitatu baadaye Marie aliiuza Coucy.

Kila nisikiapo watu wakisifu ndoa za kupatanisha mataifa, mimi huwakumbuka mabinti hawa wawili wa tumbo moja. Wafalme waligombana, wao wakatenganishwa.