Dola ya Jangwa na Bendera Yake Pwani ya Tanga

Mtu asimamaye Raskazone, mahali nchi inapoingia baharini mashariki ya mji wa Tanga, huona maji mbele yake na mikoko pembeni mwake, wala hakuna kinachomkumbusha jangwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi ya karne ya 19 bendera iliyopepea katika pwani hii ilikuwa ya ukoo uliotoka katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni mchanga na mawe. Dola ya jangwa ilifikaje huku? Na alama yake ilikuwa na maana gani kwa watu waliokaa chini yake? Kila mwanafunzi wa historia yetu yampasa kujiuliza maswali haya mawili, maana jibu la kwanza ni jepesi, na la pili limefichwa na wepesi wa lile la kwanza.

Omani ipo katika pembe ya kusini mashariki ya Bara Arabu, na eneo lake lapata kilomita za mraba 309,500. Upande wa magharibi lipo jangwa kuu liitwalo Rub al Khali, yaani Robo Tupu. Kaskazini imejipinda milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jebel Shams, chakaribia mita 3,000. Kusini ipo Dhofar, inayopata manyunyu ya kusi na kuotesha miti ya ubani. Vijiji vya bara huishi kwa aflaji, mifereji ya kale ichukuayo maji kutoka chini ya milima na kuyagawa mashambani kwa zamu; mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Nchi ya namna hiyo hulisha watu kwa kipimo. Ina tende, lakini nafaka na miti ya kujengea ni haba. Kwa hiyo jangwa lenyewe ndilo lililowasukuma watu wake baharini. Kaskazi ilileta majahazi yao kwetu na tende na papa mkavu. Kusi iliyarudisha na boriti za mikoko, nafaka, pembe za ndovu na, neno hili tusilifiche, watumwa.

Nguvu ilifuata biashara. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Wareno katika mji wa Maskati, na mwaka 1698 wakaitwaa Ngome ya Yesu huko Mombasa. Karne iliyofuata ukoo wa Al Busaidi ukashika utawala, na mmoja wao, Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata 1856, akahamishia kiti chake Unguja. Alipokufa, wanawe waligombana. Mwaka 1861 uamuzi wa Canning, mwakilishi wa Mwingereza huko Bara Hindi, uligawa dola mbili, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka. Malipo hayo yasema zaidi ya vitabu vingi: mtoto wa karafuu alikuwa tajiri kuliko mama wa tende. Lakini mama na mtoto walibaki na bendera moja, kitambaa chekundu kisicho picha wala herufi.

Kitambaa kitupu huandikwa maana na kila akitazamaye. Kwa Sultani kilikuwa hati ya miliki. Kwa majumbe wa Mrima kilikuwa kivuli cha mbali: ushuru ulikusanywa kwa jina la Unguja, lakini heshima, mashauri na njia za misafara vilibaki kwa wenyeji. Kwa mtumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani hakikuwa na kivuli hata kidogo. Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wa shambani uliendelea.

Mwaka 1886 Mwingereza na Mdachi walipatana kwamba Sultani abakiwe na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodishia kampuni ya Kidachi ukanda wa kusini, pamoja na Tanga na Pangani. Mwezi wa Agosti kampuni ikaja na bendera yake. Pangani, mwakilishi wake, Emil von Zelewski, alitaka ipandishwe, liwali akapinga, askari wa manowari wakashuka, na bendera ya Sultani ikaondolewa kwa nguvu. Mji ukachafuka. Septemba manowari Möwe ikaipiga Tanga kwa mizinga, na vita vikaenea Mrima mzima. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi.

Hapa ndipo penye fumbo. Aliyeongoza vita upande wa Pangani, Bushiri bin Salim, alikuwa wa Al Harthi, ukoo wenye uhasama wa zamani na masultani. Mwenye bendera mwenyewe alikuwa amekwisha kuikodisha nchi kwa kalamu yake. Basi je, watu walipigania Sultani? Sidhani. Walipigania yale waliyokuwa wameyaandika wenyewe juu ya kile kitambaa kitupu: ada zao, ardhi ambayo kampuni ilitaka iandikishwe, na haki ya kutoamriwa na mgeni katika mji wao. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani aliyerithi akaiachia Ujerumani ukanda ule kwa mark milioni 4. Waliokufa kwa ajili ya bendera hawakuulizwa bei.

Tangu hapo alama zimegeuka. Unguja, ilipopata uhuru Desemba 1963, ilitia karafuu katika ile nyekundu; mapinduzi ya Januari 1964 yakaishusha. Omani iliacha wekundu mtupu mwaka 1970, alipotawala Sultani Qaboos, ikaongeza weupe na kijani. Nyeupe ilikuwa rangi ya maimamu wa bara, waliopigana na masultani wa pwani hata miaka ya 1950. Kijani ni rutuba na Mlima wa Kijani. Pembeni ipo nembo ya jambia na panga mbili zilizopishana. Yaani jangwa na mlima vimepatanishwa na pwani juu ya kitambaa kimoja. Lakini katika nembo hiyo hapana jahazi. Bahari iliyowaleta kwetu haikuchorwa.

Simlaumu aliyeichora, kila taifa huchagua la kukumbuka. Nasema tu kwamba mwanafunzi asiisome bendera kwa maelezo ya mwenye kuipandisha peke yake. Aulize pia walioitazama kutoka chini waliona nini, na ni nani hakuulizwa. Raskazone iliona wekundu wa Sultani ukishuka, ikaona bendera ya Mdachi ikipanda, ikaona majeshi ya Mwingereza yakishuka pwani Novemba 1914 na kurudishwa kwa kushindwa, hata yakaitwaa Tanga mwaka 1916. Bendera zote zile zilikuja na upepo wa bahari. Ya Desemba 1961 ndiyo ya kwanza iliyotoka kwa watu wa nchi wenyewe, na kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kuulizwa maswali haya haya kwa ukali zaidi.